Shimo la Viazi

Ndugu mnunuzi,
barua yako imefika Igowole imelowa ukungu.
Bei uliyoandika nimeisoma mara mbili,
mara ya pili kwa sauti, ili mama aisikie jikoni.
Akacheka. Akasema: bei ya ng'ombe wawili
kwa maji ya zabibu yaliyokosa mnywaji!

Unauliza zimetunzwaje.
Hatuna ghala, hatuna kipimajoto.
Tuna shimo la viazi, kina cha mtu na kofia yake.
Baba alilichimba nyuma ya nyumba
mwaka ule Mfaransa wa miche ya chai alipofunga virago
akamwachia, badala ya mishahara ya miezi miwili,
kreti ya Vouvray, chupa kumi na mbili.
"Zilaze ubavu, Galus. Usiwe na haraka."
Basi. Pesa hakuiona.

Akazilaza kama watoto wenye surua,
gizani, juu yao nyasi kavu, juu ya nyasi viazi,
juu ya viazi mvua zote za Mufindi.
Jalidi ilipounguza chai kando ya barabara
shimo lile halikujua ni Juni au ni Oktoba.

Konokono wameila karatasi ya chupa,
neno moja wameliacha: demi-sec.
Mwalimu wa misheni akatufafanulia: nusu mkavu.
Mama akauliza: na nusu nyingine?
Hakujibiwa kwa miaka mingi.

Maana mama ni mgema.
Ulanzi wake alfajiri, kwenye mbeta, ni mtogwa tu,
mtoto ananyonya vidole;
jioni umeshaanza maneno;
kesho yake ni mkangafu, unamwangusha fundi na baiskeli yake;
keshokutwa, mwaga.
Kwake kinywaji ni cha leo, kama salamu.
Nani aliweka "kamwene" shimoni
aje kuitikiwa baada ya miaka thelathini?

Walibishana hivyo ndoa nzima.

Daftari la baba ninalo. Nane alizifungua mwenyewe,
na kila moja aliiandikia kwa penseli.
Tisini na mbili, kipaimara cha Oresta:
limao na sukari vimekaa benchi moja, havisemezani.
Elfu mbili na moja:
umejifunga, hausemi. Nimeukosea nini?
Elfu mbili na tisa:
fyulisi. Nta. Sweta la sufu lililonyeshewa.
Na pembeni, bila tarehe, herufi zimelala:
utamu haukudumu wenyewe,
ukali ndio ulioushika mkono.

Hapo sijui kama bado aliandika habari za mvinyo.

Tulipomzika, Agosti, upepo ukivunja milingoti,
mama alishuka shimoni na kibatari
akapanda na chupa moja kwapani.
Kizibo alikitoa kwa msumari na koleo ya marehemu.
Rangi ilikuwa ya asali ya msituni, ile nyepesi.
Akamimina kwenye kikombe cha bati, akanywa,
akanyamaza muda wa kumenya kiazi.
Akamenya na cha pili.
Kisha akasema, si kwetu:
"Kumbe nusu nyingine ilikuwa njiani."

Zimebaki tatu, kama ulivyosikia.
Mbili njoo uzichukue, paa linavuja;
njoo na gari lenye subira,
barabara ya Nyololo ni matope hadi Mei.
Usizitikise. Ukifika kwako zilaze ubavu,
na ukizifungua, tafadhali, usiwe peke yako.

Ya tatu haina bei, usiiulize.
Mama ameifunga kitambaa chekundu shingoni
nisiichanganye ninapotafuta viazi vya mbegu.
Mwaka huu? namuuliza. Anasema bado.
Ila kila masika, akitoka kugema,
hunituma nishuke nikaiguse
kama ni baridi.

Ni baridi.